Kilo Kumi na Nne za Spana

3 Juni

Dada,

Salamu nyingi, na Baba mpe zake, ingawa najua atasema "hm" na kugeuza shingo. Dawa ya goti imo humu ndani ya kifurushi, mirija miwili kama kila mwezi. Ule wa kijani ni mpya, unapasha joto zaidi. Usiupake halafu ukajishika machoni kama mara ile.

Sasa kaa chini. Naenda safari ya baiskeli. Ndiyo, mimi. Siku tisa, kilomita mia sita na ushee, tunapanda mpaka kwenye ziwa la milimani halafu tunarudi kwa njia ya chini, ile inayopita karibu na kwenu. Tuko wanne: mimi, daktari wa meno aliye ghorofa ya juu ya duka langu la dawa, mke wake, ambaye kwa pumzi anatushinda wote, na mwalimu wa hesabu anayepiga hesabu ya kila kilima kabla hatujakiona. Tunaondoka tarehe 6 Julai.

Shida ni moja. Tulipogawana kazi, mwalimu alichukua ramani, daktari mahema, mkewe chakula. Kisha daktari akanigeukia: "Baba yako fundi baiskeli, dada yako fundi baiskeli, wewe hata ukikohoa unatoa gololi. Fundi wa msafara ni wewe." Wakapiga makofi. Nilifungua mdomo nikatae, nikajisikia nasema sawa.

Dada, wewe unajua. Miaka ishirini na tatu sijakaza nati kwenye baiskeli ya mtu. Hata yangu naipeleka kwa fundi wa sokoni na kusimama pembeni kama mteja mwingine yeyote. Ningewaambia nini? Kwamba niliwahi kufunga gurudumu moja, likachomoka kwenye mteremko, na dada yangu anachechemea mpaka leo?

Niandikie orodha. Nibebe vifaa gani, vipuri gani, na kila kimoja ni cha nini. Usinichekee sana.

Mdogo wako,
muuza dawa


7 Juni

We mtoto,

Nimecheka mpaka mteja akauliza kama nimeshinda bahati nasibu. Daktari wa meno anakwenda kulala kwenye hema! Meno ya nani atayang'oa huko, ya mbuzi?

Haya, sikiliza, na uandike pembeni maana najua unapenda kuandika. Mnakwenda safari, hamwendi kufungua karakana. Kwa watu wanne chukua tyubu za akiba nne, na kama magurudumu hayalingani, mbili za kila saizi. Viraka pakiti mbili, solusheni ya kuvibandikia mirija miwili, kwa sababu mmoja ukifunguliwa hukauka siku ya pili, hiyo ndiyo tabia yake. Vyuma vitatu vya kutolea tairi. Pampu moja nzuri, si ile yako inayopuliza kama mzee mwenye pumu. Kipande cha tairi kuukuu, urefu wa kiganja: tairi likichanika unakitia kwa ndani na mnafika. Hicho watu wengi hawakijui, na ndicho kitakachowaokoa.

Spana mbili tu: ya kumi na tano kwa nati za magurudumu, na ile yenye nane upande huu na kumi upande ule. Spana malaya moja ndogo, ile ya kupanua na kubana midomo, kwa mengine yote. Bisibisi. Zile fimbo za bolti zenye tundu la pembe sita. Kikatio cha cheni na viungo vyake viwili. Waya wa breki mmoja, wa gia mmoja, raba za breki jozi mbili. Spoku sita, uzifunge kwenye fremu kwa tepu, zisipinde. Oili weka kwenye kichupa cha dawa ya macho, hivyo unavyo vingi, tone moja moja, hakimwagi. Basi. Yote yaingie kwenye mfuko mmoja, usizidi kilo nne. Waya, raba na spoku nimekuwekea kwenye boksi hili, dereva wa basi nimemuonya asilikalie.

Baba yupo. Asubuhi anakuja karakana, anakaa kwenye kigoda chake, anabandika viraka na kukosoa kazi yangu. Nimempa salamu zako. Alisema "hm".

Na hiyo habari ya goti tuiache. Goti langu limezeeka tu, kama mwenyewe. Hii mirija si lazima kila mwezi.

Dada yako


14 Juni

Dada,

Boksi limefika salama, asante sana. Ila nakuomba usinigombeze nikikuambia kwamba mfuko una kilo kumi na nne.

Nimeupima kwenye mizani ya dukani. Naona ulivyoandika spana mbili, lakini nikajiuliza, je, moja ikianguka mtoni? Nikanunua seti nzima, kuanzia sita mpaka kumi na tisa. Kisha nikajiuliza, je, spana ya kumi na tano ikilegea midomo? Nikaongeza ya pili. Nimeweka nyundo. Nimeweka ekseli nzima ya mbele, gololi za akiba, tupa, koleo kubwa na dogo. Nimetengeneza orodha kama tunavyofanya kwenye dawa: anasoma mmoja, anahakikisha wa pili, anasaini. Wa pili hayupo, kwa hiyo nasaini mara mbili.

Mwalimu ameinua mfuko kwa mkono mmoja, akaushusha, akasema kwa hesabu zake nitafika ziwani siku mbili baada ya wao kuondoka huko.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya kuchekesha. Jumamosi walikuja nyumbani kwangu wote ili nikague baiskeli. Ya mwalimu sikuigusa, nilisema iko vizuri. Ya daktari vilevile. Ya mkewe, gurudumu la mbele lilikuwa linacheza kidogo, mtu yeyote angeliona, kwa hiyo nikachukua spana. Nikakaza. Nikaliacha, wakaanza kunywa chai, nikarudi nikakaza tena. Nikaondoka, nikarudi. Sijui mara ngapi. Mara ya mwisho nilisikia kitu kinateleza ndani, spana ikazunguka bure. Nimeua uzi wa ekseli, dada. Kwa kukaza. Mke wa daktari alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake, akaniambia taratibu, "Shemeji, ilikuwa imekaza toka mara ya kwanza." Sikujua niweke wapi uso.

Ekseli niliyoinunua si saizi yake. Kama unayo yenye uzi mwembamba, milimita tisa, niletee. Nikishaibadilisha nitawaambia watafute fundi mwingine, au waende bila mimi. Baba alisema nisishike spana tena, na aliona mbali. Kuna watu kazi hii imewakataa.

Mirija nitaendelea kuleta. Ndicho kitu pekee ninachoweza kukufanyia.

Mdogo wako


18 Juni

Mdogo wangu,

Ekseli hiyo hapo, na koni zake za kubana gololi na nati zake. Paka grisi kwanza, gololi tisa kila upande, usizidishe.

Nilianza kukuandikia matani. Nilikuwa nimeshaandika kwamba nyundo ni ya kumpigia mwalimu. Nimeichana karatasi hiyo. Hii ni ya tatu.

Kaa chini wewe sasa.

Unaikumbuka sheria ya Baba. Anayekaza nati ya gurudumu mwisho ndiye anayepaka rangi nyekundu, mstari mmoja kutoka kwenye nati mpaka kwenye ekseli. Ikigeuka hata kidogo, mstari unakatika, unaonekana. Na aliyepaka ndiye mwenye gurudumu, liwalo na liwe.

Siku ile ulifunga gurudumu la mbele la baiskeli ya yule muuguzi, ukalikaza, ukapaka rangi yako, ukaenda kula. Ulilifunga vizuri. Nitarudia, maana najua utasoma haraka: ulilifunga vizuri.

Ulipoondoka nililizungusha nikasikia linakwaruza. Mimi na masikio yangu. Nikalifungua, nikakuta gololi moja imepasuka, nikaibadilisha, nikalirudisha. Nati nikazizungusha kwa vidole. Spana ya kumi na tano alikuwa nayo Baba kule nyuma, lakini kopo la rangi lilikuwa hapo miguuni, brashi bado mbichi. Mstari wako ulikuwa umekatika. Nikaufuta kwa kitambaa, nikapaka mwingine juu yake. Nikasema, rangi ikikauka nitakuwa nimeshaleta spana. Rangi kabla ya kukaza! Mwanagenzi wa siku ya kwanza angepigwa kwa hilo.

Nikaenda kuchukua spana, njiani mteja akanishika na maneno yake ya kengele. Niliporudi nikaona mstari mwekundu, umenyooka, unang'aa. Nikajisemea, aa, hili tayari. Nikapanda kumpelekea muuguzi baiskeli yake. Alama niliyoichora kwa mkono wangu ndiyo iliyonidanganya mimi mwenyewe. Mteremko unaujua.

Wiki ya kwanza hospitali sikuwa na akili zangu, hilo Mungu anajua. Wiki ya pili Baba akaja, akakaa kitandani, akasema: "Nimemuuliza nani alipaka rangi, akasema yeye. Nimemwambia asishike tena spana kwenye karakana yangu. Amekwenda kwa mjomba wenu." Nikasema moyoni, kesho nitamwambia. Kesho ikaja na kesho yake.

Sitakudanganya kwamba nilisahau. Niliitaka karakana. Mimi mtoto wa kike, mguu umevunjika, na Baba alikuwa bado hajaamua nani atamrithi kazi. Nilijua akisikia atasema ndiyo maana kazi hii si ya mwanamke, na atafunga mlango. Wewe ulikuwa na kichwa cha shule, nikajiambia utapata kingine, na ulipopata duka la dawa nikajiambia, umeona? Amefaidika. Nimejiambia mengi. Kila mwezi ile mirija ikija naiweka kabatini na kufunga mlango kwa goti hilihili. Nyingi sijaifungua. Nilikuwa naona aibu kuipaka.

Kazi haijakukataa. Nilikunyang'anya mimi.

Sina la kuomba. Nimeona tu kwamba ukiacha kwenda safari hiyo, nitakuwa nimekuvunja mara mbili.

Dada yako


25 Juni

Dada,

Barua yako niliifungulia dukani, watu wamejipanga. Nikamaliza kuwahudumia, sijui nilimpa nani nini, kisha nikafunga mlango na kurudia karatasi zote za dawa za foleni ile moja moja, kuhakikisha. Hakuna niliyemkosea. Mikono ilijua kazi yake hata mimi nilipokuwa sipo.

Nina hasira na wewe. Nimejaribu kuitafutia neno jingine siku tano, halipo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliipenda kazi ile kuliko wewe, kama hukujua. Wewe uliipenda karakana, mimi nilipenda gurudumu linapozunguka bila kuyumba na kujua ni mimi niliyelinyoosha. Niliondoka na begi moja na sanduku la shule, Baba hakutoka nje. Mjomba aliniuliza kama nataka kumsaidia kutengeneza baiskeli yake, nikatoka mbio uani, sikurudi mpaka alipolala. Ukanitumia kadi nilipohitimu, "Hongera mdogo wangu mwenye akili." Niliibandika ukutani! Bado ipo, nimeiangalia jana na kuiacha, kwa sababu sijui kuitoa maana yake nini.

Miaka ishirini na tatu nimekuwa natafuta namna nzuri ya kukuomba radhi. Nilikuwa naifanyia mazoezi, dada. Nikioga, nikipanga dawa kwenye rafu. Sasa radhi yote hiyo niipeleke wapi?

Ekseli nimeifunga. Grisi, gololi tisa, koni, nati. Nilikaza mara moja. Mkono ulitaka kurudi, nikauingiza mfukoni na kukaa nao hivyo mpaka chai ikaisha. Mke wa daktari ameiendesha siku nne sasa, mlimani na bondeni. Mfuko nimeupunguza. Nyundo imetoka, seti ya spana imetoka. Kilo tano na nusu. Sijafika kwenye nne zako na sitaki kufika, nataka hizo moja na nusu ziwe zangu.

Safari naenda.

Mwambie Baba. Kama hutamwambia, mimi sitamwambia, sitakuchongea. Lakini usiniandikie tena mpaka umemwambia.

Mirija imo. Goti ni goti, linauma vilevile.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Nimemwambia.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Alikuwa na tyubu mapajani, ameshapaka solusheni, kiraka mkononi. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyefukuzwa shule nikasema yote, kuanzia gololi mpaka hospitali. Mwisho akauliza, "Rangi ulipaka wewe?" Nikasema mimi. "Kabla ya kukaza?" Nikasema kabla. Akaendelea kushika kile kiraka hewani mpaka solusheni ikakauka, kazi ikaharibika. Baba, ambaye hajawahi kuharibu kiraka! Kisha akainuka akaenda chumbani.

Jumanne nzima hakukanyaga karakana. Chakula alikula kidogo, mgongo umenielekea. Nilimwambia akitaka nitoke karakana nitatoka, funguo ziko msumarini. Jana jioni akaniita, nikakimbia na goti langu bovu nikidhani ameanguka. Akanigombeza kwa muda ambao sijawahi kuuona, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, naye akagombezwa. Niliyasikiliza yote. Nilistahili na chenji inabaki.

Leo ameomba karatasi na kalamu. Ananifukuza nikipita karibu. Sijui anaandika nini, nitaitia kwenye basi la kesho kutwa bila kuifungua.

Kuhusu mirija. Nimefungua ule wa kijani. Unapasha kweli. Nimelala usiku mzima.

Sikuombi unisamehe kesho. Hasira yako iweke mpaka uchoke nayo, ni haki yako. Nataka tu ujue kwamba nakupenda, na kwamba hili nalo sikuwahi kukudanganya.

Dada yako


2 Julai

Mwanangu,

Macho yangu yanaona herufi kubwa tu, kwa hiyo nitaandika chache.

Siku ile niliuliza swali moja, nani alipaka rangi. Ukasema wewe. Sikuuliza la pili. Mtu baki akiniletea baiskeli inayolia, naipindua, naizungusha, naisikiliza, nafungua kila kitu ndipo nasema kilichoharibika. Wewe, mtoto wangu, nilikuhukumu bila kufungua hata nati moja. Nati zilikuwa pale barabarani, ningeziokota ningeona hazina hata alama ya kubana, ningejua hazikukazwa kabisa, na wewe hukuwa mtu wa kuacha nati haijakazwa. Sikuinama kuziokota.

Nimekosa. Nilitaka kulisema kwa ukali kama ninavyosema mengine, halitoki hivyo.

Na ulipoondoka nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuona mpaka ukakata kona. Hilo hajui hata dada yako.

Dada yako nimemgombeza na bado sijamaliza. Lakini wewe usimkate. Anaye ndugu mmoja.

Amenisomea barua zako, nimemlazimisha. Nimesikia humo umekaza mara moja ukaweka mkono mfukoni. Vizuri. Ndivyo inavyokazwa.

Mtakaporudi kwa njia ya chini, mkifika kwenye daraja la chuma, pinda kulia. Mwalimu wenu apige hesabu, haifiki saa mbili mpaka hapa. Wenzako nao waje, daktari aniangalie jino.

Breki ya nyuma ya baiskeli yangu haishiki. Dada yako ametaka kuitengeneza mara mbili, nimemkatalia. Nimemwambia kazi hiyo ina mtu wake, yuko njiani. Kwa sasa nateremka nayo kwa kuburuta viatu. Basi usikawie, soli zinaisha.

Baba yako